Kati ya ukelele wa "mwizi!" na jiwe la kwanza: tujadili umati unaoua mitaani kwetu Tanga

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu wa Tanga, na nyinyi wengine mnaopita humu, amani iwe kwenu.

Nimeamua kuanzisha uzi huu kwa sababu mijadala yetu kuhusu watu wanaouawa na umati huwa haifiki mbali. Upande mmoja hulaani "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba hasira hiyo haina wenyewe. Upande wa pili husema kwamba mwizi amelipwa anachostahili, na mjadala hufungwa hapo mpaka maiti nyingine ipatikane. Hoja yangu ni hii, nami niko tayari kuitetea: wanaoua ni watu wachache waliomo ndani ya umati, na wanaweza kuua kwa sababu sisi wengine tumewazunguka, tumewapa ukuta wa kujifichia na kelele za kuwatia nguvu. Anayetaka kuzuia mauaji ya namna hii asianze na wale wachache, ambao hawasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Aanze na sisi tuliosimama.

Niliwahi kushuhudia tukio moja Ngamiani, jirani na soko. Kijana aliitiwa mwizi, akakimbia, akaangukia kwenye mtaro wa maji machafu, na kabla hajainuka alikuwa amekwisha kuzungukwa. Nilichokiona pale, ambacho magazeti hayakiandiki, ni kwamba kipigo hakikuanza papo hapo. Kwanza watu waliulizana. Mmoja alisema kaiba simu, wa pili akasema ni baiskeli, na mwanamke aliyesimama nyuma yangu alimweleza mwenziwe kwa uhakika kabisa kwamba kijana huyo alitaka kumwiba mtoto. Waliokuwa karibu naye walikuwa vijana wanne au watano. Nyuma yao palikuwa na watu wa kelele, waliosema "mpigeni" bila wenyewe kunyoosha mkono. Na nyuma zaidi tulikuwa sisi, tulio wengi kuliko wote, tukichungulia na kuinua simu. Kofi la kwanza lilipigwa na mtu aliyekwisha kugeuka mara kadhaa kutazama nyuso zetu. Alikuwa akituuliza, na ukimya wetu ukamjibu.

Kisha mama mmoja anayeuza vitumbua pale pembeni akapenya mpaka katikati. Hakuhubiri haki za binadamu. Alimtazama mmoja wa wale vijana, aliyekwisha kuokota kipande cha tofali, akamwita kwa jina lake na la mama yake, akamwambia kwamba amemwona na kwamba mama yake atapata habari usiku huo huo. Tofali likashuka. Akamgeukia wa pili, naye akamwita kwa jina. Wanaume wawili watu wazima waliokuwa upande wetu, ambao nina hakika walitaka kufanya hivyo tangu mwanzo, wakaingia, wakamshika yule kijana mikono na kumtia ndani ya duka la vipuri vya baiskeli, na mwenye duka akafunga mlango hadi polisi walipofika.

Husemwa mara nyingi kwamba mtu akiingia katika umati hupotewa na akili. Mfaransa Gustave Le Bon alilieneza wazo hilo mwaka 1895, na limeshika mizizi kwa sababu linatupa udhuru sote: akili ikiwa imepotea, hakuna wa kuulizwa. Waliochunguza ghasia za kweli walikuta jambo jingine. Katika ghasia za St Pauls, mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1980, mwanasaikolojia Stephen Reicher alionyesha kwamba watu walikuwa wakichagua: waliwashambulia polisi, wakaacha nyumba za wenyeji, na fujo hazikuvuka mipaka ya mtaa wao. Umati, basi, una mipaka, na mipaka hiyo huwekwa na yale ambayo waliomo wanaamini kuwa yanakubalika mbele ya wenzao.

Kuhusu sisi watazamaji, kuna jaribio la Marekani la mwaka 1968 lililofanywa na John Darley na Bibb Latané. Mwanafunzi aliketi peke yake chumbani, akasikia kupitia kipaza sauti mwenzake akipatwa na kifafa. Walioamini kwamba ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia, walitoka asilimia 31 tu. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alidhani kwamba jukumu lipo mikononi mwa mwingine. Wengi wanaoujua utafiti huu huishia hapo na kukata tamaa, jambo ambalo naliona ni kosa, kwa maana mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mwingine uliotumia picha za kamera za barabarani kutoka Lancaster, Amsterdam na Cape Town, na ndani yake, katika ugomvi tisa kati ya kila kumi, angalau mtu mmoja aliingilia kati, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa mmoja wao kuingilia ulivyoongezeka. Hivyo anayetaka kuzuia karibu kila mara yumo ndani ya umati. Anachokosa ni mwenzake wa kwanza.

Sheria nayo haimtazami mrusha jiwe peke yake. Vifungu vya 22 na 23 vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vinamhesabu kuwa mtenda kosa yule anayesaidia au kuchochea, na vinawafunga pamoja wale wenye nia moja kosa linapotendeka katika kuitekeleza nia hiyo. Aliyekwenda kununua petroli, aliyevingirisha tairi na aliyepaza sauti ya "mchome" wanaweza kusimama kizimbani pamoja na aliyewasha kiberiti. Sharti ni ushahidi, na hilo naliacha kwa wajuzi.

Nasisitiza jambo moja kabla sijawaachia uwanja. Sijajenga hoja yangu juu ya mtu asiye na hatia. Yule kijana wa Ngamiani huenda aliiba kweli. Kosa la wizi wa kawaida kisheria adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 7, na hakuna mahakama hapa nchini iwezayo kumuua mtu kwa ajili ya simu. Sisi tunafanya hivyo pembeni ya mtaro, kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai.

Kijana wa Makorora

Mwanzisha uzi, shikamoo kama unastahili. Maandishi yako ni mazuri, lakini yananukia upepo wa Raskazone, kwenye nyumba zenye ukuta na mlinzi. Sisi tunaolala na pikipiki sebuleni tunalijua jambo hili kwa upande mwingine. Pikipiki nyingi ni za mkataba. Ikiibwa, kijana anaendelea kulipa hesabu ya chombo asichokuwa nacho, na kuna wenzetu ambao hawakuibiwa tu bali walikodiwa usiku, wakapelekwa njia ya mashambani na kuuawa.

Tulishawahi kumkamata mtu na kumpeleka kituoni kwa utaratibu huo unaousifia. Hakuguswa hata kidogo. Siku mbili baadaye alikuwa amekaa kwenye kijiwe cha kahawa, akitutazama. Sasa mnatuambia tuwe na subira, na subira hiyo ina mwisho gani? Anayempiga mwizi hapigi kwa sababu amepotewa na akili, hapo nakubaliana nawe. Anapiga kwa sababu ameshapiga hesabu, na hesabu yake inamwambia kwamba kituoni hakuna kitakachofanyika.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi katika masjala za mahakama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nami naomba kumjibu kijana wa Makorora kwa heshima, kwa sababu malalamiko yake ni ya kweli ingawa sababu anayoitoa ni nusu tu.

Mtuhumiwa wa wizi kuonekana mtaani si lazima awe ameachiwa kwa hongo. Wizi ni kosa lenye dhamana, na Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia hiyo haijathibitishwa. Akipata wadhamini, atatoka, atakaa kijiweni na atakunywa kahawa, huku kesi yake ikiwa hai kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna anayemweleza mlalamikaji jambo hilo, naye akimwona mtu huyo anahitimisha kwamba faili limekufa, anaacha kuja mahakamani, na hapo ndipo faili linapokufa kweli.

Hili nimeliona mara nyingi mno. Siku ya kutajwa kesi mlalamikaji yupo. Siku ya kusikilizwa hayupo. Simu yake ameshaipata, au ndugu wa mtuhumiwa wamekwenda kwake kuomba radhi na kumlipa, au nauli na siku nzima ya kazi vimemshinda. Shahidi wa pili amehamia Muheza. Mwendesha mashtaka anaomba ahirisho, hakimu anampa, anaomba tena, na mwishowe kesi inafutwa kwa kukosa mashahidi. Mshtakiwa anatoka mlango wa mbele, na mtaa mzima unasema mahakama imenunuliwa. Sisemi kwamba rushwa haipo. Ningesema hivyo, masjala niliyofanyia kazi ingenicheka. Nasema kwamba kesi nyingi za wizi huuawa na sisi wenyewe kwa kutokufika.

Halafu kuna kichekesho kichungu ambacho vijana hawakijui. Aliyeiba simu ana dhamana. Aliyemuua aliyeiba simu, akishtakiwa kwa kosa la kuua kwa kukusudia, hana dhamana, naye anaweza kukaa mahabusu Maweni miaka kadhaa akisubiri kikao cha Mahakama Kuu, na akipatikana na hatia, adhabu iliyowekwa na sheria ni kifo, wala jaji hana nyingine ya kuchagua. Nimeona kina mama wakija na vyakula kwa watoto wao ambao, mpaka siku ile ya kelele, hawakuwa wamewahi kuingia kituo cha polisi hata kwa kupoteza kitambulisho.

Kuhusu ushahidi alioutaja mwanzisha uzi: matukio ya usiku ni magumu. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba utambuzi wa kwa macho ni ushahidi dhaifu usiotegemewa mpaka ieleweke shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga wa aina gani, na kama alimjua kabla. Ndiyo maana kesi za umati huanguka. Simu hizo mnazoinua ili kurusha picha mitandaoni zina kazi bora zaidi zikionyesha nyuso za wanaopiga, na si uso wa anayepigwa.

Muuguzi

Natoka upande wa wagonjwa wa dharura, nami nitasema yale tu yanayoweza kumsaidia mtu, kwa kuwa mambo mengine hayafai kuelezwa hadharani.

Watu hudhani kwamba aliyepigwa na umati akiweza kusimama na kutembea, amepona. Si kweli. Kipigo cha fimbo, nyaya na mateke kwenye mapaja, makalio na mgongo huponda misuli, na misuli iliyopondwa humwaga ndani ya damu kemikali zinazoziba figo. Mtu anakwenda nyumbani kwa miguu yake, analala, na baada ya siku moja au mbili mkojo wake unakuwa mchache na wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hiyo ni dalili ya hatari kubwa. Akiwahishwa hospitali akapewa maji mengi kwa mshipa, figo zinaweza kuokolewa. Akichelewa, atahitaji mashine ya kusafisha damu, na wengine hawafiki huko. Familia nyingi humficha kijana wao ndani kwa aibu au kwa kuogopa polisi, na hukandwa kwa maji ya moto huku figo zikifa kimya kimya.

Aliyeumia kichwa asiachwe alale bila kuangaliwa; akitapika, akichanganyikiwa au kope la jicho moja likishuka, hospitali ni sasa hivi. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno, wala asali, wala mafuta. Fomu ya polisi ya PF3 ni muhimu kwa ajili ya kesi, na ndugu mmoja aende kituoni kuifuata wakati mwingine yuko na mgonjwa. Mtu anayetokwa damu asisubirishwe karatasi.

Na tafadhalini, msije wodini kupiga picha. Nimewahi kuwatoa watu waliomfuata majeruhi hadi kitandani kwake ili kumwuliza alikoficha pikipiki.

Dereva wa Kange

Naomba kuongeza upande unaosahauliwa, nao ni ajali. Sheria inamtaka dereva aliyegonga mtu asimame, atoe msaada na kutoa taarifa. Madereva wengi wa magari makubwa hawasimami, na ukiwauliza kwa nini, hawakwambii kwamba wanaogopa hakimu. Wanaogopa kijiji. Utaratibu tuliofundishana, ambao si wa kujivunia, ni kuendesha mpaka kituo cha polisi kilicho mbele na kujisalimisha huko. Wakati huo yule aliyegongwa amelala barabarani, na gari ambalo lingeweza kumfikisha hospitali ndilo lililokimbia. Umati uliotaka kumlipia kisasi umemnyima usafiri.

Kijana wa Makorora

Hilo la dereva sikuwa nimelifikiria hivyo.

Mama wa Msambweni

Nimesoma michango yote na nimesita sana kuandika. Mtoto wa marehemu dada yangu aliuawa kwa namna hii miaka ya nyuma, si mbali na mji huu. Sitaeleza alivyokutwa. Nataka kueleza yaliyofuata, kwa sababu mnazungumza kana kwamba mambo huisha pale mwili unapochukuliwa.

Jirani zetu, watu tuliokwisha kuzikana nao na kuozana nao, walikuja wachache sana. Wengine walipita mlangoni wakatoa pole kwa sauti ya chini, kama wanaopita mbele ya nyumba yenye ugonjwa wa kuambukiza. Matanga tulikaa wanawake wa ukoo tu. Shughuli nyingine zote mtaani huja watu mpaka mikeka ikapungua. Siku ile mikeka ilibaki imekunjwa. Mdogo wake alikuwa darasa la sita, akaitwa "mdogo wa mwizi" hadi tukamhamishia kwa shangazi yake Korogwe. Na kwa muda mrefu, kila nilipokwenda sokoni, nilikuwa nikitazama mikono ya watu. Nilikuwa nikijiuliza ni upi.

Hakuna aliyepelekwa mahakamani. Wote waliokuwepo hawakuona chochote. Sijui kama aliiba, wala sitaki kubishana na mtu hapa kuhusu hilo. Najua kwamba hakuulizwa, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kubisha hodi kwangu akasema, "Mama, mimi nilikuwepo, na sikufanya kitu."

Mwanzisha uzi

Mama yangu, pole sana, na Mungu amrehemu kijana wetu. Nakuomba radhi kwa niaba ya sisi tunaosimama nyuma.

Mzee wa Baraza

Wanangu, wezi siyo wahanga pekee wa jambo hili, na wahanga wa pili, wanaoshukiwa kwa uvumi tu, ndio wanaonitisha zaidi, kwa kuwa uvumi hauhitaji hata kitu kilichoibwa.

Sisi wa pwani tumelelewa na hadithi za mumiani. Tangu enzi za mkoloni ilisemwa kwamba wapo watu wanaonyonya damu za watu ili kutengenezea dawa, na mtoto akichelewa kurudi nyumbani jioni alitishwa kwa jina hilo. Wengi mtasema ni mambo ya kale. Mwezi Oktoba mwaka 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliokwenda kwa kazi ya utafiti wa udongo, walishukiwa kuwa wanyonya damu, wakauawa na kuchomwa pamoja na gari lao. Mwaka uliofuata uvumi kama huo ulizuka kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe na jirani zake, watu wakauawa, na Umoja wa Mataifa ukawahamisha watumishi wake kutoka huko. Mwaka 2018 ikawa zamu ya India, ambako ujumbe wa simu kuhusu wezi wa watoto ulisababisha wapita njia kuuawa katika majimbo mbalimbali. Tarehe 1 Julai mwaka huo, katika kijiji cha Rainpada jimboni Maharashtra, waliuawa watano kwa mkupuo. Hapo ndipo kampuni ya WhatsApp ilipoweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano, kwanza India na kisha, Januari 2019, duniani kote.

Tazameni ni nani aliyeuawa katika visa hivyo: mgeni. Asiyejulikana jina. Yule mama wa vitumbua aliwaweza vijana wale kwa sababu walikuwa na majina. Mgeni hana wa kumwita kwa jina, na sisi tunaojisifu kwa ukarimu wa pwani tutazame jinsi tunavyomtazama mtu anayepita uchochoroni akiuliza njia kwa lafudhi ya bara. Na wazee wenzangu wa kanda ya ziwa, hasa wanawake, wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho ambayo mara nyingi yameharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni.

Kwa hiyo sauti ile inayoingia katika kundi la mtaa, "jamani kuna gari jeusi linakamata watoto, mtumie na mwenzako", isipite bila kuulizwa: mtoto wa nani, mtaa gani, na nani ameongea na mzazi? Asiyeweza kujibu asisambaze. Viongozi wa makundi hayo wana uwezo wa kufuta, wautumie.

Kijana wa Makorora

Nimewasikiliza, na sijabadilika kuhusu kila kitu. Bado nasema kwamba mtu wa kawaida hawezi kuambiwa amwachie mwizi. Mama wa Msambweni, pole sana; mimi sikuwepo, lakini nimewahi kuwepo kwingine.

Naomba mambo yanayotendeka. Tuseme ni saa tano usiku, tumemkamata mtu, polisi tumewapigia na gari halijafika. Tunafanya nini na mtu huyo?

Karani Mstaafu

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, haikuambii umwachie. Inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake katika mazingira iliyoyataja, na inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kukamata ni haki yako. Kuadhibu si haki yako. Akifikishwa, chukua namba ya RB, yaani ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, andika jina la askari aliyempokea, na mlalamikaji aandikishe maelezo yake usiku huo huo wakati kumbukumbu ni mbichi. Baada ya hapo chagueni mtu mmoja wa kijiwe chenu awe anafuatilia tarehe za mahakama na kumwezesha shahidi kufika. Mnachangiana kwenye misiba na harusi. Changianeni nauli ya shahidi. Kijiwe kinachofanya hivyo hakitaona tena kesi ikifutwa kwa kukosa watu.

Mwanzisha uzi

Nami naongeza la muda ule wa kusubiri, kwa sababu hapo ndipo watu hufa. Atolewe kwenye macho ya umati haraka iwezekanavyo: dukani, ndani ya ua, msikitini, kanisani, ofisi ya serikali ya mtaa, popote penye mlango. Watu wanne au watano wenye kuheshimika wauzuie mlango huo, na wasiwe vijana watupu. Mwanamke mtu mzima mlangoni ana nguvu kuliko mabaunsa. Anayepiga simu 112 apige kwa sauti ya kusikika, ili wote wajue kwamba polisi wanakuja na kwamba majina yao yatakuwa ya kwanza kutajwa. Waiteni watu kwa majina. Wapeni kazi wanaotafuta cha kufanya: wewe simama barabarani ulionyeshe gari la polisi, wewe kamtafute mwenyekiti, wewe mfuate mwenye mali aliyeibiwa aje atoe maelezo. Mtu aliyetumwa kazi hana nafasi ya kuokota jiwe. Na asiingie mtu peke yake katikati ya watu waliokwisha kushika silaha. Shikana kwanza na mmoja aliye pembeni yako, mwambie "twende", kwani yule naye alikuwa akikusubiri wewe.

Nitaomba jambo hili liwekwe katika ajenda za mkutano ujao wa mtaa wetu, pamoja na Mkaguzi wa Kata wa polisi, ili ijulikane kabla ya siku ya tukio ni mlango upi unaotumika.

Kijana wa Makorora

Kwetu mlango uliopo ni wa ofisi ya mtaa, nayo hufungwa saa tisa na nusu alasiri, na ufunguo anaondoka nao mtendaji, anayeishi Pongwe. Hilo nalo liwekwe kwenye ajenda.

Mama wa Msambweni

Liwekwe la kwanza. Mimi nitakuja.